Je, Dawa ya Deni ni Kulipa?
Hesabu ya deni la serikali na pato la taifa

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kwa mtu binafsi methali hiyo haina mjadala. Aliyekopa magunia mawili ya mahindi wakati wa njaa hana budi kuyarudisha baada ya mavuno, na asipoyarudisha hushuka heshima yake kijijini. Lakini tukiipima methali hii kwa historia ya madeni ya serikali, tunakutana na jambo la kushangaza.

Mwaka 1946, mara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Serikali ya Marekani ilikuwa ikidaiwa na umma kiasi cha dola bilioni 242. Deni hilo lilikuwa sawa na asilimia 106 ya pato la taifa; yaani lilizidi thamani ya mali na huduma zote zilizozalishwa nchini humo kwa mwaka mzima. Miaka 28 baadaye, mwaka 1974, deni la aina hiyo hiyo lilikuwa sawa na asilimia 23 tu ya pato la taifa. Msomaji aweza kudhani kwamba Wamarekani walifunga mikanda wakalipa. La hasha. Mwaka 1974 deni lenyewe lilikuwa limefikia kiasi cha dola bilioni 344. Deni liliongezeka kwa asilimia 42 hivi, ilhali uzito wake ulishuka hata ukawa chini ya robo ya ule wa awali.

Jambo hilo liliwezekanaje? Na kama deni halikulipwa, ni nani aliyeubeba mzigo uliotoweka? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo mawili. Hesabu inayohitajika haizidi ile ya sehemu na asilimia ambayo kila mwanafunzi wa sekondari ameisoma.

Sehemu yenye namba mbili

Deni la serikali ni jumla ya fedha zote ambazo serikali imekopa na bado haijazirudisha. Serikali hukopa ndani ya nchi kwa kuuza dhamana za muda mfupi na hati fungani za miaka mingi, ambazo hununuliwa na benki, mifuko ya pensheni, makampuni ya bima na watu binafsi. Hukopa pia nje ya nchi, kutoka kwa serikali nyingine, mashirika kama Benki ya Dunia, na masoko ya fedha ya kimataifa.

Pato la taifa ni thamani ya mali na huduma zote zinazozalishwa nchini katika mwaka mmoja. Tukiligawa deni kwa pato, kisha tukazidisha kwa 100, tunapata uwiano ambao magazeti hutuambia kila wakati wa bajeti. Deni ndiyo namba ya juu ya sehemu hiyo, na pato ndiyo namba ya chini.

Yafaa tutambue mapema kwamba namba hizi mbili si za jinsi moja. Deni ni kama maji yaliyomo ndani ya pipa: yamejikusanya kwa miaka mingi. Pato ni kama maji yatokayo bombani katika mwaka mmoja. Kwa hiyo uwiano wa asilimia 100 hauna maana kwamba taifa limefilisika. Mwalimu anayepata mshahara wa shilingi milioni 12 kwa mwaka, akakopa shilingi milioni 24 ili ajenge nyumba, ana deni la asilimia 200 ya pato lake. Akipewa miaka 20 ya kulipa, na riba ikiwa ndogo, atalala usingizi. Akitakiwa kulipa lote katika miaka miwili, hatalala. Kiasi cha deni ni kile kile. Kilichobadilika ni masharti.

Ndiyo maana pia hesabu ya "kila raia, hata mtoto mchanga, anadaiwa shilingi kadhaa" haitufikishi mbali. Hesabu hiyo huigawa namba ya juu kwa idadi ya watu, na kutuficha uwezo wao wa kulipa.

Mashindano ya riba na ukuaji

Sasa tuone ni nini kinachousogeza uwiano huu. Chukua nchi yenye pato la shilingi 100 na deni la shilingi 50. Uwiano ni asilimia 50. Tuseme riba ni asilimia 5 kwa mwaka. Serikali hiyo inakusanya kodi za kutosha matumizi yake yote isipokuwa riba, na riba inailipa kwa kukopa tena. Mwaka unaofuata deni litakuwa shilingi 52.50.

Ikiwa pato limekua kwa asilimia 10, limefika shilingi 110. Gawanya 52.50 kwa 110: uwiano ni asilimia 47.7. Deni limeongezeka, uwiano umeshuka. Ikiwa pato limekua kwa asilimia 3 tu, limefika shilingi 103, na uwiano ni asilimia 51. Tofauti yaonekana ndogo. Lakini mwendo huo ukiendelea kwa miaka kumi, nchi ya kwanza itakuwa na uwiano wa asilimia 31 hivi, na ya pili itafikia karibu asilimia 61. Nchi hizo mbili zilianza pamoja, zikakopa kwa riba moja, wala hakuna hata moja iliyopunguza deni lake kwa senti.

Kanuni yake twaweza kuiandika hivi:

Uwiano wa mwaka ujao = uwiano wa mwaka huu × (1 + riba) ÷ (1 + ukuaji) + nakisi isiyo ya riba

Nakisi isiyo ya riba ni matumizi ya serikali, ukiondoa riba, yanayozidi mapato yake. Nayo hupimwa hapa kama sehemu ya pato la taifa la mwaka huo ujao. Pakiwa na ziada badala ya nakisi, tunatoa badala ya kujumlisha.

Neno "ukuaji" katika kanuni hii lahitaji uangalifu. Ni ukuaji wa pato kwa bei za mwaka husika, nao una vyanzo viwili. Cha kwanza ni uzalishaji halisi: pamba nyingi zaidi, saruji nyingi zaidi, safari nyingi zaidi za mabasi. Cha pili ni kupanda kwa bei. Uzalishaji ukiongezeka kwa asilimia 6 na bei zikapanda kwa asilimia 4, pato kwa shilingi za mwaka huo hukua kwa asilimia 10 hivi. Kwa hesabu ya uwiano vyanzo hivyo ni sawa. Kwa maisha ya watu si sawa hata kidogo, kama tutakavyoona.

Nani alilipa baada ya vita?

Turudi Marekani. Baada ya mwaka 1946 mambo matatu yalitokea kwa pamoja. Kwanza, viwanda vilivyokuwa vikitengeneza vifaru viligeukia magari na majokofu, na uchumi ukakua kwa miaka mingi. Pili, katika baadhi ya miaka serikali ilikusanya zaidi ya ilivyotumia. Tatu, bei zilipanda huku riba ikizuiwa isipande. Tangu mwaka 1942 hadi 1951 benki kuu ya nchi hiyo ilihakikisha kwamba riba ya hati fungani za serikali za miaka mingi haizidi asilimia 2.5.

Mtazame raia aliyekuwa na hati ya namna hiyo yenye thamani ya dola 100. Mwaka 1947 alipata riba ya dola 2.50. Lakini katika mwaka huo bei za bidhaa zilipanda kwa asilimia 14 hivi, hata vitu alivyoweza kuvinunua kwa dola 100 vikagharimu dola 114. Alilipwa kila senti aliyoahidiwa, na bado alipoteza. Sehemu ya mzigo wa vita iliyotoweka katika vitabu vya serikali ilikuwa imetua mabegani mwa watu walioweka akiba.

Uingereza ilipita njia hiyo hiyo. Deni lake, lililozidi asilimia 200 ya pato la taifa baada ya vita, lilishuka hadi karibu asilimia 50 katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1975 mfumuko wa bei nchini humo ulizidi asilimia 20. Lakini deni lilitoweka upesi katika uwiano kuliko katika daftari: mkopo wa dola bilioni 3.75 ambao Uingereza ilipewa na Marekani mwaka 1946, kwa riba ya asilimia 2, ulimalizwa kulipwa mwishoni mwa Desemba 2006.

Mkopo huo unatufundisha jambo jingine. Ulikuwa wa dola, si wa pauni. Septemba 1949 Uingereza ilishusha thamani ya pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Kwa siku moja, kila dola iliyodaiwa ikawa ghali kwa asilimia 44 ilipohesabiwa kwa pauni. Mfumuko wa bei nyumbani huweza kuliyeyusha deni la fedha ya nyumbani. Deni la fedha ya kigeni haliyeyuki hivyo. Kinyume chake, fedha ya nyumbani ikidhoofika, deni hilo huvimba.

Deni la dola na pato la shilingi

Hapo ndipo historia yetu inapoachana na ya Marekani. Katika miaka ya 1970 Tanzania, kama nchi nyingine nyingi za Afrika, ilikopa nje kwa ajili ya viwanda, barabara na huduma za jamii. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viligharimu fedha nyingi za kigeni. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 8. Mwaka 1990 ilikuwa kiasi cha shilingi 195. Deni la dola milioni moja, ambalo mwanzoni mwa muongo lilikuwa shilingi milioni 8, mwishoni mwake lilikuwa shilingi milioni 195, hata kama hapakuongezwa mkopo wowote. Bei za ndani nazo zilipanda kwa kasi na kulikuza pato kwa shilingi, lakini pato halikuweza kuikimbilia dola. Juu ya hayo, malipo yaliyochelewa yalijilimbikiza na kuwa deni jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 deni la nje peke yake lilizidi pato zima la taifa la mwaka.

Mwalimu Nyerere aliuliza hadharani katika miaka ya 1980 kama ni haki watoto walale njaa ili madeni yalipwe. Jibu lilichukua muda. Mpango wa kimataifa wa kuzipunguzia mzigo nchi maskini zenye madeni makubwa ulianzishwa mwaka 1996. Tanzania ilikamilisha masharti yake Novemba 2001, na mwaka 2006 ikafutiwa madeni zaidi na mashirika makubwa ya fedha. Katika kanuni yetu, msamaha ni kuipunguza namba ya juu kwa kalamu. Hapa mlipaji alikuwa mkopeshaji, ingawa kabla yake wananchi walikwisha kulipa sehemu yao kwa zahanati zisizo na dawa na madarasa yasiyo na madawati.

Argentina inatoa mfano mkali zaidi. Kwa miaka kumi, tangu 1991, peso moja ilifungwa kisheria kwa dola moja. Mwishoni mwa mwaka 2001 deni la serikali lilikuwa karibu nusu tu ya pato la taifa, nayo nchi ikashindwa kulipa. Mwaka uliofuata peso iliachiwa ikaporomoka hata dola ikapita peso tatu, na uwiano ukapita asilimia 100. Japani, kwa upande wake, imekuwa na deni linalozidi asilimia 200 ya pato kwa zaidi ya muongo mmoja, wala haijashindwa kulipa. Deni hilo ni la yen, na wanaolidai kwa sehemu kubwa ni taasisi za Japani yenyewe. Hii haina maana kwamba Japani haina tatizo. Maana yake ni kwamba uwiano mtupu, bila kuuliza deni ni la fedha gani na nani anadai, hautoshi kutabiri lolote.

Namba ya chini ikipimwa upya

Uwiano waweza kushuka pia bila kukopa, kulipa wala kusamehewa. Aprili 2014 Nigeria ilitangaza takwimu mpya za pato la taifa baada ya kuhesabu upya shughuli kama simu za mkononi na filamu, ambazo hesabu za zamani hazikuzipa nafasi ya kutosha. Pato la mwaka 2013 likaonekana kuwa kubwa kwa asilimia 89 kuliko ilivyodhaniwa. Septemba mwaka huo Kenya ilifanya vivyo hivyo, na pato lake likapanda kwa asilimia 25. Ongezeko la asilimia 25 katika namba ya chini huushusha uwiano wa asilimia 50 hadi 40.

Kazi hiyo ya watakwimu ilikuwa halali na ya lazima. Lakini mkusanya kodi hakuamka asubuhi akakuta mfuko wake umeongezeka. Pato ni la taifa zima, na madeni hulipwa kwa kile kinachoingia hazina. Kwa sababu hiyo wachumi hutazama uwiano wa pili: malipo ya deni ya kila mwaka dhidi ya mapato ya serikali.

Kenya imetupa pia somo kuhusu kuweka ukomo. Mwaka 2019 ukomo wa deni uliwekwa kuwa shilingi trilioni 9, na mwaka 2022 ukapandishwa hadi trilioni 10. Ukomo wa shilingi ni kama sare ya shule iliyoshonewa mtoto wa darasa la kwanza: mtoto hukua, sare haikui. Kufikia Juni 2023 deni lilikuwa limekwisha kuupita. Mwaka huo sheria ilibadilishwa, na kipimo kikawa asilimia 55 ya pato la taifa, kwa thamani ya sasa ya deni. Itifaki ya umoja wa fedha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Kampala Novemba 2013, iliweka asilimia 50 kwa kipimo cha namna hiyo.

"Thamani ya sasa" ni nini? Shilingi 100 zitakazolipwa baada ya miaka 20 bila riba si mzigo sawa na shilingi 100 za leo. Kwa riba ya asilimia 5, mtu akiweka akiba karibu shilingi 38 leo, zitakuwa 100 wakati huo. Kwa hiyo mkopo wa masharti nafuu huhesabiwa kuwa mwepesi kuliko wa kibiashara wenye kiasi kile kile. Viongozi wetu wanaposema kwamba deni ni himilivu, miongoni mwa vipimo wanavyovitumia ni hicho.

Je, kuna namba ya hatari?

Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha utafiti uliosema kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato zilikuwa na ukuaji wa wastani wa asilimia 0.1 chini ya sifuri. Namba 90 ilipokewa kwa shangwe na wanasiasa waliotaka kupunguza matumizi ya serikali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, alijaribu kuirudia hesabu hiyo kama zoezi la darasani. Haikumtoka. Alipopewa jedwali la kompyuta la watafiti wenyewe, aligundua kwamba mistari ya nchi tano ilikuwa imeachwa katika kukokotoa wastani. Yeye na walimu wake walirekebisha kosa hilo pamoja na mambo mengine waliyoyapinga katika njia ya hesabu, wakapata ukuaji wa asilimia 2.2.

Watafiti wa awali walikiri kosa la jedwali, ila walishikilia kwamba madeni makubwa huendana na ukuaji mdogo. Mjadala huo haujaisha, na hata swali la kipi kinasababisha kipi lingali wazi: huenda deni hupunguza ukuaji, na huenda ukuaji mdogo huongeza deni. Lililo hakika ni kwamba hakuna mstari mmoja ambao kila nchi ikiuvuka huanguka. Na lililo la faida kwa wanafunzi ni kwamba aliyeuliza "nionyesheni hesabu" alikuwa mwanafunzi.

Hitimisho

Uwiano wa deni kwa pato hushuka kwa njia chache: kulipa kwa ziada ya kodi, kukua kwa uzalishaji, kupanda kwa bei, kusamehewa, au kupima pato upya. Isipokuwa ukuaji wa kweli wa uzalishaji, na upimaji mpya usiobadilisha kitu ila namba, kila njia ina mtu anayetoa: mlipa kodi, mwenye akiba, au mkopeshaji. Juni 2024 muswada wa kodi mpya nchini Kenya ulizua maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, hata ukaondolewa. Swali lililoulizwa barabarani lilikuwa hilo hilo: nani alipe?

Kwa hiyo methali ya wahenga haikukosea. Dawa ya deni bado ni kulipa. Ila serikali, tofauti na jirani aliyekopa mahindi, inaweza kulipa bila kumtaja anayelipa. Kazi ya raia aliyesoma ni kumtafuta.

Maswali ya darasani

1. Nchi ina pato la shilingi bilioni 1,000 na deni la dola bilioni 4. Dola moja ni shilingi 100. Tafuta uwiano. Dola ikipanda hadi shilingi 160 na pato likakua kwa asilimia 10, uwiano mpya ni upi? (Jibu: asilimia 40, asilimia 58.2.)

2. Deni ni asilimia 60 ya pato, riba ni asilimia 6, na pato linakua kwa asilimia 6. Serikali haina nakisi isiyo ya riba. Uwiano utakuwa mgapi baada ya miaka 15? Eleza kwa nini huhitaji kukokotoa.

3. Katika swali la pili, ukuaji wote wa pato ukitokana na kupanda kwa bei, ni nani wanaopoteza na ni nani wanaofaidika? Jadilini kwa makundi.